Wanaoanza Kuvua kwa Nzi Bandia Wafundishwe Pamoja

Katika mji wetu wa Bukavu, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, kila linapozuka wazo la kuwafundisha mchezo watu wenye ulemavu, jambo la kwanza linalotajwa ni siku yao maalumu: watengewe Jumamosi yao, wapewe fulana zao, waitiwe mpiga picha wao. Nimeliona jambo hilo katika mpira wa kikapu, nimeliona katika kwaya, na baadaye nikaliona katika uvuvi, pale shirika moja ambalo halina haja ya kutajwa lilipowaleta ufukoni vijana wanaotembea kwa magongo, likawashikisha fimbo za kuvulia kwa muda wa kutosha kupigwa picha, kisha likaondoka na fimbo zake. Mimi nafundisha uvuvi wa nzi bandia, kazi ambayo kwetu bado ni ngeni na wanafunzi wake ni wachache, na maoni yangu ni kwamba mchezo huu hasa hauna sababu ya kuwa na madarasa mawili. Mtoto wa shule, bibi mwenye baridi yabisi, kijana asiyeona na mwanamume aliyezoea kubeba magunia sokoni Kadutu wanaweza kuanza asubuhi moja, mahali pamoja, mbele ya mwalimu mmoja, na kila mmoja wao atajifunza kwa wepesi zaidi kuliko kama angefundishwa na wanaofanana naye tu.

Kwa wasioujua, tofauti ya uvuvi huu na uvuvi wa kawaida wa ndoano iko kwenye uzito. Anayevua kwa chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamishia ndoano, hurusha chubwi, nalo huuvuta mshipi nyuma yake mpaka majini. Nzi bandia, yaani ndoano ndogo iliyofungwa uzi, manyoya au sufu ili ifanane na mdudu, haina uzito wa kutajika, na anayejaribu kuitupa peke yake ataiona ikianguka karibu na miguu yake. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umevikwa plastiki, na hupewa namba kulingana na uzito wa mita 9 zake za mwanzo. Kwa anayeanza, mshipi wa namba 5 au 6 pamoja na fimbo ya mita 2.7 hivi hufaa kabisa. Mbele ya mshipi hufungwa nailoni inayozidi kuwa nyembamba kadiri inavyoikaribia ndoano, ili samaki asiushtukie mshipi mnene na nzi itue juu ya maji bila kishindo.

Sasa, mwendo wenyewe ni huu. Fimbo huinuliwa kwa kasi inayoongezeka, husimamishwa ghafla ikiwa imepita kidogo usawa wa bega, mshipi hupaa kwenda nyuma na kujinyoosha hewani, na ukishanyooka, hapo ndipo fimbo husukumwa mbele na kusimamishwa tena. Kati ya kwenda nyuma na kwenda mbele pana kituo. Kituo kikikatwa mapema, mshipi hutoa mlio wa mjeledi na nzi mara nyingi hukatika ikapotea. Kikicheleweshwa, mshipi huanguka kwenye majani nyuma ya mvuvi. Wala hakiwezi kupangiwa sekunde, kwa sababu mshipi mrefu huhitaji kungojewa kuliko mfupi. Mwanafunzi aliyekielewa kituo hiki amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya somo, na ukiangalia vizuri utaona kwamba hakidai miguu, hakidai macho, hakidai mikono miwili, na zaidi ya yote hakidai nguvu.

Kuhusu nguvu nitasema kidogo zaidi, maana ndipo watu wengi wanapojidanganya. Wanafunzi wanaonipa shida katika siku ya kwanza ni wanaume wenye mabega mapana. Hawaamini kwamba fimbo yenyewe ndiyo inayofanya kazi, kwa kupinda na kujinyoosha, kwa hiyo huisukuma kwa ghadhabu tangu mwanzo wa mwendo. Ncha ya fimbo hushuka, sehemu ya juu ya mshipi hugongana na ya chini, na nailoni hujaa vifundo ambavyo mwalimu hubaki kuvifungua. Mwaka 1951 huko Marekani, mwanamke mmoja, Joan Wulff, aliwashinda wanaume katika shindano la kurusha mshipi mbali, na hakuwashinda kwa misuli. Huko Goma, watu wenye ulemavu wa miguu wamejulikana kwa miaka mingi kwa baiskeli zao za mikono zinazovusha mizigo kati ya mji huo na Gisenyi, na yeyote aliyewaona wakipanda na magunia hawezi kusema kwamba ni watu dhaifu. Mtu wa namna hiyo akija darasani kwangu, ulemavu wake wa miguu hautanisumbua hata kidogo. Kitakachonisumbua ni mikono yake, kwa kuwa ina nguvu kupita kiasi, sawasawa na ya mbeba magunia aliyesimama kando yake. Ndiyo maana napenda wawili hao wasimame, au mmoja asimame na mwingine aketi, katika mstari mmoja.

Kijana mmoja asiyeona alikuja akifuatana na dada yake mkubwa, na dada alitaka kukaa karibu ili amweleze mshipi uko wapi. Nilimwomba aketi chini ya mti. Niliweka mkono wangu juu ya mkono wa kijana, tukaupeleka mshipi nyuma pamoja, na nikamwambia aseme "sasa" pindi atakaposikia fimbo ikivutwa kutoka nyuma. Mara ya kwanza hakusema kitu. Mara zilizofuata alisema mapema, kisha akachelewa, kisha akasema "sasa" palepale mshipi uliponyooka, na nikatoa mkono wangu taratibu bila kumwambia. Aliendelea peke yake, akisema "sasa" kwa sauti ndogo kila mara. Baada ya muda aliuliza, "Yaya, mwalimu ameondoka?" Dada yake, ambaye ndiye aliyeitwa yaya, alicheka badala ya kujibu. Wanafunzi wenye macho mazima, waliokuwa wakigeuza shingo kila mara kutazama nyuma na kuharibu mwendo wao, walifumba macho wakaanza kusema "sasa" pia, na kazi yao ikawa nzuri kuliko asubuhi yote. Zoezi hilo halikuwa msaada kwa asiyeona. Lilikuwa somo la wote, na nisingelifikiria kama angepangiwa siku yake.

Somo la kwanza hufanyika kwenye majani, mbali na maji, na bila ndoano. Mwisho wa nailoni nafunga kipande cha sufu nyekundu kinachoonekana vizuri na kisichoweza kumchoma mtu. Wapo wanaolalamika kwamba hawakuja kuvua nyasi, na malalamiko yao nayaelewa, lakini darasa lenye watoto, watu wasioona na watu wasioweza kukwepa haraka haliwezi kuanza na vyuma vyenye ncha kali vinavyopita hewani. Siku ya ndoano inapofika, kila mtu huvaa miwani na kofia, na kila ndoano hubanwa kwa koleo mpaka kile kijino chake cha ndani kilale, ili ikimpata mtu itoke kwa urahisi, na ikimpata samaki asiyetakiwa aachiliwe bila kuchanika mdomo.

Sufu nyekundu, kwa njia, ina historia ndefu. Mwandishi wa Kirumi Claudius Aelianus, aliyeishi miaka ipatayo 1800 iliyopita, aliandika habari za watu wa Makedonia waliokuwa wakifunga sufu nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoano ili kuwavua samaki wa mtoni. Huko Japani, wavuvi wa milimani waliishi kwa kuvua kwa fimbo ndefu isiyo na kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi ukiwa umefungwa kwenye ncha, njia inayoitwa tenkara. Walivua ili wauze. Nayataja haya kwa sababu naambiwa mara kwa mara kwamba huu ni mchezo wa wazungu wenye muda wa kupoteza. Kwamba uliletwa Afrika Mashariki na walowezi ni kweli: mwaka 1905 Ewart Grogan alileta mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Uskoti ili kuwatia samaki hao katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, na kwa miaka mingi mito ile ilikuwa ya watu wachache. Hata hivyo, jinsi mchezo ulivyofika si sababu ya kuamua ni nani aushike leo.

Isitoshe, watoto wetu wanaokaa kwenye mawe kando ya ziwa na mwanzi mkononi, kipande cha nailoni kikiwa kimefungwa kwenye ncha yake, wanatumia chombo kinachofanana sana na kile cha wavuvi wa Japani. Fimbo ya dukani pamoja na mshipi wake mnene haipatikani Bukavu kwa urahisi. Hufika kwenye mzigo wa ndugu anayerudi kutoka ng'ambo, au huagizwa kupitia Kigali kwa bei inayokatisha tamaa. Mwanzi ulionyooka na kukaushwa vizuri, wa mita 3 na zaidi kidogo, wenye mshipi uliosokotwa kwa nailoni kadhaa na kupungua unene kuelekea mwisho, unatosha kufundishia kituo kile nilichokieleza. Unatosha hasa kwa mwenye mkono mmoja, kwa kuwa hakuna mshipi wa kuvutwa kwa mkono wa pili. Akitaka baadaye kutumia fimbo yenye kigurudumu, ataubana mshipi kwa kidole cha shahada cha mkono uleule unaoshika fimbo, atakiweka kitako cha fimbo kwenye kwapa au kwenye mkanda kila anapotaka kuuvuta, na wapo wanaouvuta kwa meno, jambo ambalo madaktari wa meno hawatalipenda.

Marekebisho mengine ni ya vifaa tu na hayana maneno mengi. Mwenye vidole vinavyouma hufungiwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mshikio mpaka unene, ili asilazimike kukunja ngumi. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, mkono wangu hauna nguvu ya kushika hata kijiko asubuhi," nami nikamjibu, "Mama, usiushike, uulaze tu." Ajaye na kiti cha magurudumu hupewa fimbo ndefu kidogo, kwa kuwa ameketi chini na mshipi wake wa nyuma hugusa majani kwa urahisi, kiti hugeuzwa upande kidogo ili mkono usigonge gurudumu, breki hufungwa, na mapajani huwekwa beseni la plastiki la kupokea mshipi unaovutwa, la sivyo utajizungusha kwenye magurudumu. Beseni hilo limewavutia hata wanaosimama, nao wanalifunga kiunoni kwa kipande cha kitenge. Kwa asiyesikia, kazi ni ya mwalimu: aondoe kofia inayotia uso kivuli, asizungumze akiwa amegeuka, aonyeshe kwanza ndipo aguse bega.

Yote hayo ni mepesi ukiyalinganisha na njia ya kufika majini. Bukavu ni mji wa vilima na rasi, na yeyote anayeujua anafahamu jinsi vijia vya kuteremkia ziwani vilivyo vya mwinuko mkali, vya udongo unaoteleza msimu wa mvua, na jinsi sehemu kubwa ya ufuo ilivyozungushiwa kuta za viwanja vya watu. Mtu anaweza kuishi Ibanda maisha yake yote, akaliona ziwa kila asubuhi kutoka dirishani, na asipate mahali pa kuligusa bila kuomba ruhusa ya mwenye lango. Tunapozungumza juu ya uwezo na ulemavu, tunapenda kutazama mwili wa mtu; mimi natazama ngazi. Kijana anayeweza kurusha mshipi mita 15 kutoka kwenye kiti chake hawezi kufanya lolote kuhusu ngazi za mawe zilizovunjika, na kumbeba mgongoni mbele ya watu kila juma si suluhisho ambalo mtu mzima angelichagua. Kama mamlaka za mji zingejenga njia moja tu ya mteremko mpole, yenye sakafu ya saruji na ukingo, ingewafaa pia akina mama wanaopanda na ndoo za samaki, na wazee, na watoto. Nimelisema jambo hili mbele ya watu wenye madaraka na nikaahidiwa. Ahadi hizo sina haja ya kuzieleza.

Kuta hizo zimeniathiri hata katika utaratibu wa somo. Mahali pengi nyuma ya mvuvi pana ukuta, mkaratusi au waya wa nguo, na mshipi hauna nafasi ya kunyooka. Kwa hiyo, tukishamaliza mazoezi ya majani, majini sianzi na urushaji wa juu unaoonekana kwenye picha. Naanza na ule wa kuviringisha, ambao mshipi huvutwa taratibu juu ya maji mpaka utengeneze tumbo kando ya fimbo, kisha fimbo husukumwa mbele na mshipi hujiviringisha kwenda mbele bila kupita nyuma. Hauwezi kufundishwa vizuri kwenye majani, kwa kuwa unahitaji maji yaushike mshipi. Unamfaa sana aliyeketi na asiyeona, na tena unafaa palipo na chupa za plastiki zinazoelea, maana mwendo wake ni mfupi na mvuvi huweza kuchagua uwazi mdogo. Taka hizo, ambazo huelekea kwenye mto Ruzizi na kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi ya kwanza, hunasa ndoano zetu kuliko samaki.

Huenda msomaji akauliza kama dunia nzima haijatenga madarasa ya namna hii, na ni kweli kwamba mifano mashuhuri ni ya kutenga. Casting for Recovery, iliyoanza Marekani mwaka 1996, huwafundisha wanawake waliougua saratani ya matiti, kwa kuwa mwendo mpole wa mkono unafanana na mazoezi wanayopewa baada ya upasuaji. Project Healing Waters ilianza mwaka 2005 katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa. Nawaheshimu, na sababu yao naiona: mwanamke aliyetoka kwenye matibabu hayo anahitaji kuzungumza na anayejua uchungu wake, na askari pia. Lakini hapo uvuvi ni mlango wa kuingilia mazungumzo. Anayekuja kwangu kwa sababu anataka kuvua samaki, na ambaye hajaomba kuzungumza juu ya mguu wake, sina haki ya kumpangia mazungumzo hayo. Katika jimbo lililopitia vita vingi kama hili letu, kuulizwa ulivyopoteza kiungo ni jambo la kila siku. Asubuhi moja bila kuulizwa ina thamani yake.

Lipo swali jingine zito zaidi: kuna haja gani ya kuvua kwa manyoya wakati watu wana njaa? Ziwa Kivu hulisha watu kwa sambaza, samaki wadogo waliohamishwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaovuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa, kwa taa na kwa wavu mkubwa. Nzi bandia haitashindana na wavu ule kamwe, na wala sifundishi ili ishindane. Hata hivyo, sitaki kuleta kwetu ile desturi ya kumrudisha kila samaki majini kana kwamba kumla ni aibu. Wanaovuliwa na wanafunzi wangu ni wale samaki wadogo wa jamii ya tilapia wanaokaa kati ya mawe, ambao ni wepesi kuiuma nzi ndogo na kwa hiyo ni walimu wazuri, na mara chache tilapia mkubwa. Mkubwa analiwa. Mdogo anarudi. Kisha kuna sharti moja nisilolegeza: jike la tilapia hutunza mayai na watoto wake mdomoni, na akishikwa huwatema, kwa hiyo samaki yeyote anayeonekana na vitoto mdomoni huachiliwa humohumo majini bila kuinuliwa. Kijana asiyeona ndiye mwangalifu wetu zaidi katika hilo, kwa sababu hupitisha kidole taratibu kwenye mdomo wa kila samaki kabla ya kuamua.

Wavuvi wa sambaza wametusaidia kwa jambo ambalo huenda hawalijui. Wanapotoka jioni hupiga makasia wakiimba, na wimbo ndio unaowafanya wote wavute pamoja. Wanafunzi wanaosahau maelezo marefu, pamoja na vijana wenye ulemavu wa akili ambao familia zao zilinionya kwamba hawatajifunza kitu, huufuata wimbo kwa urahisi: mstari mmoja fimbo inakwenda nyuma, kimya, mstari wa pili inakwenda mbele. Mshipi ukirefushwa, tunaimba polepole.

Sisemi kwamba darasa la pamoja halina gharama. Asiyeona anahitaji kuambiwa kila kitu kwa sauti na asiyesikia anahitaji kuonyeshwa kila kitu kwa mikono, kwa hiyo kila hatua hufundishwa mara mbili na asubuhi huisha kabla upepo wa mchana haujaanza kutusumbua. Wanafunzi wakizidi sita kwa mwalimu mmoja, mambo huharibika. Pia kuna mtumbwi. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 480 upande wa kaskazini, na hata kwenye ghuba yetu isiyo na kina hicho ufuo hushuka ghafla, hivi kwamba hatua chache hutosha kumfunika mtu mzima. Hakuna anayekaribia maji bila jaketi la kuokolea maisha, awe mzima wa viungo au asiwe, na mitumbwi tunayoweza kuazima ni myembamba, haipokei kiti cha magurudumu wala mtu asiyeweza kujishikilia. Baadhi ya wanafunzi wameniomba niwapeleke kule kwenye mawe mazuri zaidi, hao wengine wabaki na msaidizi. Nimekataa, na nitaendelea kukataa mpaka apatikane mwenye chombo kipana cha kutuchukua sote. Kwa sasa tunavulia ufukoni.